Petro wa Bwawani Ana Uso wa Kasimiri

Jumatatu, 1 Septemba

Festo amefika kutoka Dodoma kumalizia sanamu ya parokia bwawani — Yesu akimwokoa Petro asizame. Kimo cha nyumba ya ghorofa, saruji tupu. Yesu tayari. Petro bado kichwa. Na kiangazi hiki maji yamerudi nyuma, kwa hiyo Petro anazama kwenye tope lililokauka. Kamati inasema mvua zitarekebisha.

Festo ni Mgogo, sisi Wanyamwezi: watani tangu enzi za misafara. Yeye na marehemu mume wangu, Kasimiri, walishika mwiko wa uashi pamoja miaka mingi. Msiba wa Kasimiri ulimpita, alikuwa mbali. Leo kaniuliza kama anaweza kuufanya sasa ule utani wake wa msiba. Nikamwambia afanye tu. Nilidhani atabeba sufuria mpaka nimlipe kuku, kama watani wafanyavyo msibani.

Jumatano, 3 Septemba

Kajifungia nyuma ya maturubai. Nimepika mlenda.

Ijumaa, 5 Septemba

Maturubai yameshuka. Petro ni Kasimiri!

Pua ile, pengo lile, mdomo wazi kama siku alipovushwa mto mgongoni mwa mdogo wake. Mume wangu aliogopa maji maisha yake yote. Hata kuoga alibembelezwa. Sasa yumo hadi kiunoni, anapiga kelele mbele ya parokia nzima.

Kwaya ilicheka mpaka mwalimu wao akakaa chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Na kumkasirikia mtani siwezi, mila hairuhusu. Kumwigiza marehemu ndiyo kazi yake — lakini wenzake huigiza siku ya msiba, kisha huenda zao. Huyu kaigiza kwa saruji.

Jumamosi, 6 Septemba

Mzee Benjamini, mwenyekiti wa kamati, kaja asubuhi. Askofu anabariki kesho, uso uvunjwe leo. Petro ni mtakatifu, Kasimiri alikuwa analala kwenye mahubiri. (Kweli.) Ila Festo kamgomea: mtani hanyamazishwi na kamati. Anaacha akilipwa kuku na mfiwa. Mfiwa ni mimi.

Basi nimekamata jogoo, nimekwenda. Festo alikuwa juu ya ngazi na patasi.

“Shemeji, nibomoe?”

Nikatazama juu. Jana niliona mdomo tu. Leo nimeuona mkono wa Yesu. Kasimiri ameshikwa kifundo cha mkono, ameshikwa barabara. Siku zote alisema akizama hakuna wa kumtoa. Nimelia. Nimemkumbuka sana, mwoga wangu yule.

Nikamwambia Festo ashuke. Jogoo nimemrudisha kwenye tenga.

Sasa nimekaa kwenye kipago cha chini cha ngazi, naandika. Mzee Benjamini anateremka tuta na nyundo yake mwenyewe. Amefika. Nimempa shikamoo, kaitikia. Anaomba nimpishe apande.

Nimemwambia asubiri kidogo, bado naandika.