Kazi ya Baba Kwenye Fomu Yako

Mdogo wangu Elia,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kwenye fomu yangu ya chuo, penye kazi ya baba, niliandika askari wa wanyamapori, ingawa alikuwa ameshastaafishwa kwa sababu ya macho. Niliona aibu. Sasa nawe umeniuliza ujaze nini.

Nyumbani hatujambo, mama anakusalimia, mahindi yamekomaa.

Juzi nilimpeleka baba msituni Ugalla, nikimshika mkono, kwa mzee mmoja mrina asali, akajifunze kufuga nyuki. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye miombo. Mzee akamtania, "Afande, umekuja kukamata nyuki wangu?" Tangu astaafu, jina hilo humchoma baba. Akapapasa mzinga uliokuwa chini kuliko yote, akaugonga polepole, akaweka sikio.

"Wameingia," akasema. "Wachache. Bado wageni."

Mzee akachungulia tunduni. "Ee! Na mimi huu nilishauita mtupu! Kesho uje unisikilizie na mingine."

"Nitakuja, mwalimu wangu," baba akajibu.

Andika mfugaji nyuki, Elia. Njiani baba alifuta macho, akasema ni moshi, lakini siku hiyo hatukuwasha moshi. Hilo usimwambie mtu, hata mama.

Dada yako,
Skola