Paka wa Eustaki Hatoki Nyumbani Kwangu

Kijijini kwetu, njia ya Mpui,
Sumbawanga.
12 Septemba 1976

Mpendwa mjukuu wangu Zenon,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tabora? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa lile vumbi la reli? Mimi ni mzima, ila magoti yanagoma asubuhi mpaka jua litoke. Mvua bado, upepo ni mwingi, ulezi tumeshapura. Siku zote nikikuandikia nakuita mume wangu. Leo nakuita Zenon, ujue nimekasirika.

Naandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitaka kunisaidia, nikamwambia akae, haya ni ya mimi na mjukuu wangu. Herufi zikipinda soma hivyo hivyo, hukunisomesha wewe.

Kwanza mtoto wako. Dominika hajambo, anakula, anaongea mpaka masikio yanachoka. Kisigino chake kilikuwa kimevimba, sasa kinakauka. Habari ya kisigino inakuja, usiruke mistari.

Barua yako nimeisoma polepole, neno kwa neno. Unasema paka niliye naye atoke. Unasema niende mjini kwa Mama Suma, mke wa rafiki yako Mbonile, anazalisha paka weupe wa mbegu ya Wazungu, ninunue mmoja. Unasema nisipofanya hivyo utakuja kumchukua Dominika. Unaniandikia mimi hivyo, niliyempokea mtoto huyo siku mama yake anazikwa, hajajua hata kukaa.

Najua aliyekupa habari. Dada yako Albina analala kwangu, lakini mdomo wake uko posta. Basi na mimi nikuambie yale ambayo hakukuandikia.

Tangu tulipohamishiwa huku kijijini, nyumba zimepangwa mstari, na vihenge vya ulezi navyo vimebanana nyuma ya nyumba. Panya wamefurahi kuliko watu. Anatoka kihenge cha huyu anaingia cha yule, hana haja hata ya kushuka chini. Walikula mbegu, wakala kamba za kitanda, wakatoboa lile koti lako uliloliacha. Nilipoona wanapita juu ya blanketi la Dominika mchana, mtoto amelala, nikasema hapana, hapa lazima apatikane paka.

Ndipo nilipokwenda kule mahame, tulikokuwa tunakaa zamani, kuchukua jiwe langu la kusagia. Unaikumbuka nyumba ya Eustaki, jirani yetu, yule aliyekataa kupanda lori akafa peke yake mle ndani? Paka wake alikuwa bado amekaa kizingitini. Amekonda, mbavu zinahesabika, sikio moja limechanika, rangi ya majivu. Sikumwita. Nimejitwika jiwe, natembea, naye nyuma yangu mpaka hapa. Siku ile ile akaua panya kwenye kihenge, akaniletea mlangoni kama mtu anayelipa pango.

Hayo ndiyo makosa yangu. Watu wakaanza, paka wa Eustaki, Eustaki mwenyewe mnajua mambo yake, na sasa paka amemchagua nani, amemchagua kikongwe mjane. Hawakumaliza maneno. Huku mtu akitaka kukuita mchawi hamalizi, anakuachia umalizie mwenyewe.

Sasa sikiliza, usiseme bibi yako ni mbishi tu. Nilikutii. Nilipanda lori la magunia ya mahindi nikaenda mjini kwa Mama Suma. Ni mwanamke mzuri, alinipokea, akanipa chai na mkate. Akaniletea paka mdogo mweupe, laini kama pamba. Nikamweka mapajani. Sikufichi, Zenon, nilitaka kumchukua. Nilijiambia, nikirudi na huyu maneno yamekwisha, na mtoto anabaki kwangu.

Nikamwuliza Mama Suma, "Mama yao anakamata panya?"

Akasema, "Bibi, humu ndani panya hakuna."

"Sasa umejuaje kama anakamata?"

Akacheka, akasema hawa wanataka maziwa na samaki wa kuchemsha, wasilale kwenye baridi. Samaki! Dagaa wenyewe huku tunawaona Pasaka. Tukiwa katika kuongea, kuku wake akapita uani. Yule paka wa Wazungu akaingia ndani ya kanga yangu, anatetemeka. Nikamtoa nikamrudishia mwenyewe kwa adabu, nikamwambia panya wetu wangemlea huyu kama mtoto wao. Kununua paka anayemwogopa kuku ili majirani wanyamaze, hiyo si akili. Yule wa mahame ana njaa, anajua kazi, na hana mtu. Nikachagua pale pale.

Lori la kurudi lilikosekana, nikalala mjini. Kurudi kesho yake, paka hayupo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Evaristi, alikuja na vijana wake nilipoondoka tu. Albina akawafungulia mlango. Gunia la kumtilia alitoa yeye. Nilipomwuliza alisema anaokoa jina la ukoo, na paka ametupwa mbali hatarudi.

Panya hawakungoja. Alfajiri Dominika alilia kilio ambacho sijawahi kumsikia. Kisigino kimetafunwa, damu imeingia kwenye mkeka. Nikamfunga mgongoni, nikaenda naye zahanati kwa miguu, hayo magoti usiyaulize. Mganga alisafisha, akampiga sindano, akanigombeza kwamba sina paka. Akanigombeza mimi.

Tunarudi, tunapita nyuma ya ghala la kijiji, mtoto akaniambia mgongoni, "Bibi, paka yetu anaita."

Nikamwambia alale, ana homa. Akarudia. Nikasimama, na kweli nikasikia. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Zenon, nilimwona kwa macho yangu amekaa juu ya magunia ya mahindi ya kijiji, ana bakuli la maji na ugali pembeni. Paka wa Eustaki. Hawakumtupa mbali wala karibu. Walimweka kazini.

Evaristi akatokea na funguo zake. Hakuona aibu. Akasema, "Shikamoo, Bibi. Paka huyo sasa ni mali ya kijiji."

Nikamwambia, "Juzi alikuwa mali ya wachawi."

Akasema ghala ni la wote, panya wanakula jasho la wote, na paka mmoja hawezi kukaa kwa mtu mmoja wakati kijiji kina shida. Nikamgeuzia mgongo, nikamwonyesha kile kisigino kilichofungwa. Akatazama funguo.

Sikupiga kelele pale. Nilingoja mkutano wa kijiji. Nilikwenda na Dominika, nikakaa mbele. Walipomaliza habari za mbolea nikasimama, nikamwambia mwenyekiti hivi: "Kama paka yule ana uchawi, semeni hapa kwamba mahindi yenu mmewapa wachawi walinde, tujue tunakula nini. Kama hana, nirudishieni."

Mwenyekiti anamtazama Evaristi, Evaristi anatazama viatu. Halafu yule mzee Adolfu, mpika pombe, akasema kutoka nyuma, "Mwenyekiti, paka wa watu huyo. Labda kama ameomba mwenyewe kuingia Ujamaa." Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akacheka. Akasema nipewe. Evaristi akafungua ghala mwenyewe, nikamtoa paka nikamweka ndani ya kanga mbele yao wote, nikaenda nyumbani. Panya wamehama tena. Mtoto analala.

Ungedhani yamekwisha. Hayajaisha. Paka nimempata, watu bado. Kisimani nikiweka ndoo yangu, mwanamke wa jirani anasogeza yake. Kanisani nafasi ya kulia kwangu inabaki wazi. Na Albina, nisikilize vizuri hapa, tangu siku ya mkutano Albina anapika chake pembeni. Anasema tumbo linamsumbua. Tumbo gani linaumwa na ugali wangu tu, na haliumwi na ugali wa jiko lile lingine, unga ule ule?

Basi nimeichukua tena barua yako nikaisoma. Umeandika paka ni mchafu. Umeandika mbegu. Umeandika afya ya mtoto. Hakuna mahali ulipouliza kama ninakula, kama nina mtu wa kunichotea maji, kama wananitukana. Neno lile hukuliandika, lakini nimeliona limekaa katikati ya mistari yako kama nzi kwenye maziwa. Mimi nimezaa, nimezika, nimekulea wewe mwenyewe na ndui yako, hukufa. Leo nikuulize wewe niliyekupakata: na wewe unaniona hivyo?

Usinijibu kwa barua. Barua yako itasema hapana bibi, tena kwa mwandiko mzuri, na sitajua.

Unataka kuja kumchukua mtoto, njoo. Wewe ndiye baba yake, mlango siwezi kukufungia. Ila njoo mchana. Shuka barabarani watu wakikuona, pita mbele ya nyumba zote na ya Evaristi pia, uniamkie kwa sauti wasikie. Nitakupikia ugali wa ulezi na kuku, nitakutengea mwenyewe kwa mikono yangu. Dominika atakaa upande wako mmoja, paka atakuwa pale pale chini, simfungii.

Ukila ukashiba, ukalala kwangu, mtoto anabaki na mimi mpaka aanze shule, na tusiongee tena habari ya Tabora. Tumbo lako likikuuma kama la Albina, mchukue mwanao asubuhi yake. Nitamfungia nguo zake mwenyewe, sitalia mbele yako.

Nisalimie mjomba wako Fransisko, mwambie mbuzi wake amezaa mapacha na mmoja ni kiwete. Msalimie na Theodory unayekaa naye, kama bado hajaoa mwambie aharakishe. Albina hajakusalimu, hajui kama naandika, lakini mimi nakusalimia kwa niaba yake, ni damu yako.

Mungu Baba akupe safari njema na akupe njaa njiani.

Anayekupenda hata leo,
Bibi yako,
Josefina