Mwende na Meno ya Difu

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu yasiyotaka kuwa mvua, na ile baridi ya Machakos ya mwezi wa saba inayoingia mpaka kwenye soksi. Sina furaha, sina huzuni. Niko tu.

Nimeshinda gereji. Gari la Baba limeinuliwa juu ya vyuma, magurudumu yametolewa, na leo ilikuwa lazima niamue fundi afunge meno gani kwenye difu.

Kwa asiyejua magari, difu ni lile donge la chuma katikati ya ekseli, linalopokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye magurudumu. Ndani mna gia mbili, ndogo ikiizungusha kubwa. Gari letu lilikuja na 4.1, yaani ile ndogo huzunguka mara nne na kidogo ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Halafu mimi nikafunga tairi kubwa. Natibu mifugo upande wa Kithyoko, na nilikuwa nimechoka kushika koleo na kuchimbua magurudumu kila nikivuka mto mkavu. Mchanga sasa haunishindi. Shida ni kwamba tairi kubwa ni nzito na hula barabara ndefu kwa kila mzunguko, kwa hivyo injini imebaki bila nguvu. Milima ya Iveti naipanda kwa gia ya kwanza, moshi nyuma, watu wa miguu karibu wanipite. Dawa yake ni kubadilisha meno. Namba ikipanda, nguvu inarudi, ila mbio zinapungua na injini inapiga kelele kwenye lami.

Hapo ndipo Mwende anapoingia.

Mwende ni mdogo wangu, na tumebaki sisi wawili. Anaishi Syokimau, anafanya kazi ya ofisi, na gari ni letu sote. Wiki mbili liko kwangu, wiki mbili kwake. Mimi nilitaka 4.88, za mlima kabisa. Yeye alitaka lisiguswe, kwa sababu barabara yake ni ile ya Mombasa na hapendi kupitwa na malori.

Tangu tumzike Baba tumegawana kila kitu bila kelele. Shamba tulilikata kwa mstari wa mkonge. Mbuzi tulichagua kwa zamu, mmoja wako, mmoja wangu. Hata viti vya sebuleni. Majirani walitusifu sana, maana wamezoea kuona ndugu wakipelekana kwa chifu. Ni gari tu lililokataa kukatwa.

Mwezi uliopita alikuja kulichukua, tukakaa hotelini tukila muthokoi, na Mwende akapata wazo.

"Si tugawane tu, Dada? Hii gari iko na difu mbili. Wewe weka zako huko nyuma, mimi uniachie ya mbele."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, halafu nikakubali. Nikaenda kumwambia fundi Mutuku hivyo hivyo, kwa uso mkavu. Alilazimika kuweka spana chini.

"Daktari, hiyo haiwezi. Siku utaingiza fowili, magurudumu yote manne yavute, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike."

Nilijua. Nilijua hata nikiwa bado na kijiko mkononi pale hotelini. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa raha kucheka na Mwende, na kwa sababu siku ya kukabidhiana gari ndiyo siku pekee tunayoonana. Krismasi yeye huenda kwa wakwe zake. Tukipigiana simu ni mambo ya taa, breki na bima.

Nikiandika hivi naona ni kidogo sana kwa watu waliolala kitanda kimoja utotoni.

Basi leo Mutuku alikuwa amepata seti mbili kutoka Nairobi, 4.56 na 4.88, kila moja ikiwa na ya mbele na ya nyuma. Nichague, arudishe nyingine. Nikampigia Mwende. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, na hoja nilikuwa nazo: mbuzi wanaokufa nikichelewa, wenye mifugo wanaonisubiri ng'ambo ya mto, hata umri wa injini. Sikutumia hata moja.

"Weka zako tu, Dada," alisema. "Mimi nimepata gari ndogo. Hizi safari za kuja Machakos kubadilisha gari zimenichosha, kusema ukweli."

Nikasema sawa. Nikamwuliza ni ya rangi gani. Nyeupe.

Nimeshinda.

Iliniuma, na sikutarajia iniume. Nilisimama kando ya gari nikiangalia ekseli tupu huku Mutuku akijipangusa grisi.

"Ni zile za mlima, sivyo?"

Nikamwambia afunge 4.56, mbele na nyuma. Za katikati. Iveti zitaipanda, kwa kuguna kidogo. Kule mtoni itabidi nichague kwa makini pa kupita. Lakini kwenye lami, mtu wa Syokimau anaweza kuliendesha bila kuziba masikio.

Mutuku alishangaa. Wiki nzima nimemsumbua kuhusu nguvu, nguvu. Nikamwambia ni mambo ya mafuta, akatikisa kichwa na kurudi chini ya gari.

Sasa nimekaa na chai yangu na manyunyu hayajaisha. Gari litatoka Jumanne. Mwende hajui nimefunga meno gani, na sidhani atauliza.

Ufunguo wa pili bado uko kwake. Hakuutaja kwenye simu.

Sitauomba.