Azalea ya Baba Imehamia Bakulini

Mama, shikamoo. Nimewahi usaili, kucha zimejaa udongo. Usishtuke ukiona shimo uani: azalea ya marehemu Baba, ule mti wake wa maua, iko hai, iko nyuma ya jiko.

Asubuhi alikuja fundi bomba bila taarifa, katumwa na mwenye nyumba. Mizizi imeziba bomba, akasema, mti ung'olewe utupwe. Nikamsihi aniachie niufanye bonsai, yaani mti mkubwa unaofundishwa kuishi chunguni ukiwa mdogo. Akacheka: "Dada, umesoma chuo kuja kudumaza miti?" Nikamwambia angalau mti umepata nafasi kabla yangu. Tukauchimbua pamoja, taratibu.

Matawi na mizizi nimepunguza sana, kwa hiyo mwaka huu maua tusahau. ~~Uweke juani.~~ Hapana, uache kivulini! Mwagilia maji ya mvua, udongo usikauke. Na Kaka asiuguseguse.

Chungu hatukuwa nacho. Ndiyo, ni lile bakuli ulilonizawadia nilipohitimu. Fundi amelitoboa kwa keekee. Roho iliniuma. Lakini nilikuahidi mti wa Baba hautatoka hapa nyumbani, na haujatoka.

Kitindamimba wako