Mchi wa Mume wa Agnesi

Mjukuu wangu Skola, mke mwenzangu,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia huku Nyangamara. Mama yako hajambo, na mikorosho imeanza kutoa maua. Unauliza kama mwanamke anayerudi jioni kutoka kazini anaweza kuwa yule mke mwema wa kwenye Mithali.

Enzi za Mwingereza, nilipokuwa mke kijana, katekista hakuchoka kumsifu jirani yangu Agnesi kanisani: anaamka mapema, anasuka mikeka, anafinyanga vyungu, na unga haukosekani kwake. Babu yako naye alikuwa akinitupia jicho. Nikamwonea Agnesi wivu.

Asubuhi moja nikajifanya naenda kwake kuomba kaa la moto, kumbe natafuta kasoro. Uani nikamkuta mumewe na mchi mkononi anatwanga mtama, Agnesi anapepeta. Mwanamume yule akashtuka.

“Shemeji, nakuomba, usimwambie mumeo. Watanicheka barazani.”

Babu yako sikumwambia. Lakini wivu haukuisha, ulihama tu. Sifa nilimwachia Agnesi. Mchi ule nautamani mpaka leo.

Swali lako mpelekee kwanza mchumba wako. Mwulize kama anajua kutwanga.

Ni mimi, bibi yako.