Jiko Chumbani mwa Baba Mkwe

Ijumaa, mwezi wa nne, 1996. Mundika.

Mvua imekatika sasa hivi, lakini mbingu bado imenuna. Nimekaa mlangoni mwa jikoni, kalamu mkononi, na mabega yananiuma kama niliyebeba gunia la mahindi kutoka Bumala kwa miguu. Nimechoka. Si kuchoka kwa jembe peke yake. Ni kuchoka kwa kuangaliwa.

Tangu juzi, kila anayeingia katika boma hili ananiangalia mikono kwanza, kisha uso.

Acha niandike jinsi mambo yalivyokuwa, kabla watu hawajayasimulia mpaka mimi mwenyewe nianze kuamini ya kwao.

Mimi ni mwalimu na shule zimefungwa, kwa hivyo niko hapa kwa wazazi wa mume wangu, Barasa, kusaidia palizi. Barasa mwenyewe alikuwa Malaba, kazini kwake, akitengeneza malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Huko tumepanga chumba nyuma ya duka la zamani, mojawapo ya yale yaliyojengwa na Wahindi kabla sisi hatujazaliwa. Kuta zake ni nene na paa liko juu sana. Wakati wa kiangazi, ukiingia kutoka juani, ni kama mtu amekumwagia maji ya mtungi shingoni. Lakini mvua zikianza, kuta zilezile zinafyonza maji kutoka chini. Ukungu unaota nyuma ya kabati, blanketi halikauki, na upepo wa baridi unashuka kupitia vitundu vya hewa moja kwa moja hadi kitandani. Barasa anakichukia chumba kile. Nadhani ndiyo sababu alipowajengea wazazi wake nyumba, aliiziba kila mahali.

Nyumba yenyewe ni nzuri, sitasema uongo. Ni ya bloki na mabati, madirisha ya chuma yenye vioo, sakafu ya saruji iliyolainishwa mpaka inateleza. Wazee waliingia mwishoni mwa mwaka jana. Ile yao ya zamani, ya udongo na nyasi, mchwa walikuwa wamemaliza nguzo zake. Ilibomolewa, na sasa Mama amepanda kunde pale ilipokuwa. Ilivuja ile nyumba. Ilikuwa na panya, na masizi yalining'inia juu kama nywele. Lakini moto uliwaka katikati ya sakafu usiku kucha, moshi ukapenya kwenye nyasi ukaenda zake, na wazee wakalala.

Nyumba mpya haina kiasi. Mchana mabati yanapata moto na hakuna siling'i ya kuuzuia. Unayasikia yakilia ta, ta, ta juu ya kichwa. Mwezi wa pili Baba na Mama walishinda nje, wakihama na kivuli cha ukuta kama kuku. Halafu mvua zikaja, mambo yakageuka. Alfajiri saruji inatoa baridi ya kuingia mifupani, na mabati yanatoa jasho kwa ndani na kulidondosha kitandani.

"Hii nyumba inanikojolea," Baba alimwambia Mama wiki iliyopita. Mimi nilikuwa nje nikiosha sufuria. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa mkono wenye sabuni.

Juu ya madirisha kulikuwa na vitundu vya hewa. Popo waliingia, Barasa akaviziba kwa saruji.

Juzi, Jumatano, Mama alienda sokoni Bumala tangu asubuhi. Tulibaki wawili, mimi na Baba. Mimi shambani, yeye nyumbani na redio yake, kila mtu upande wake, jinsi inavyotakiwa. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hatupeani mkono. Sikai kiti alichokalia. Chai yake naiweka mezani sebuleni, nakohoa kidogo, natoka, ndipo yeye anakuja kunywa. Na chumba chake cha kulala, hicho hata kufagia sifagii. Miaka yote ambayo nimeolewa hapa sijawahi kukiona ndani.

Mchana mvua ya mawe ilinifukuza shambani. Nilipofika jikoni nikakuta sufuria ya maharagwe imeshushwa chini na jiko la makaa halipo. Nilijua ni nani amelichukua. Nikasema maskini mzee, ana baridi, nikawasha moto kwenye mafiga na kuendelea.

Sikufikiria kitu kingine. Moto ni moto. Baba amelala kando ya moto maisha yake yote.

Mvua ilipopungua nikampelekea chai. Nikaiweka, nikakohoa, nikatoka. Nilirudi baadaye kuchukua kikombe nikakuta chai imefanya utando. Redio ilikuwa inajisemea peke yake.

"Baba, chai."

Nikakohoa tena.

"Baba!"

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na chini yake amesokomeza gunia kuzuia upepo. Ndipo nikasikia mkoromo. Si wa usingizi. Ulikuwa unakatika, unakaa, halafu unaanza tena kwa shida, kama mtu anayevuta kitu kizito.

Sasa hapa niandike ukweli, kwa sababu hakuna mtu niliyemwambia.

Nilisimama. Mkono wangu ulikuwa kwenye mlango na nilisimama. Kabla sijafikiria pumzi ya mzee, nilifikiria wanawake kisimani. Nilifikiria Senge, dada yake Baba, na mdomo wake. Nilifikiria kukimbia kwa majirani kuita mwanamume. Sijui nilisimama kwa muda gani. Haukuwa mrefu. Lakini nilisimama.

Halafu mkoromo ukakatika na haukuanza tena.

Nikasukuma mlango.

Hakukuwa na moshi hata kidogo. Jiko lilikuwa karibu na kitanda, makaa mekundu mazuri, na joto lile lilikuwa tamu, lile la kumwambia mtu kaa hapa upumzike. Baba alikuwa nusu kitandani, nusu chini, ametapika kifuani. Nilimwita, nikampiga kofi. Nilimpiga baba mkwe wangu kofi la uso. Kisha nikamshika kwapani na kumvuta.

Ni mzito kuliko anavyoonekana. Kichwa changu kilianza kuzunguka kabla hatujafika sebuleni, na shuka aliyojifunga kiunoni ikalegea. Nilifumba macho, nikaifunga upya kwa kupapasa, nikaendelea kuvuta. Nilimtoa hadi barazani, kisha nikaona baraza haitoshi, nikamtoa mpaka kwenye mvua yenyewe. Hapo nikapiga nduru.

Aliyekuja ni jirani yetu Ouma, anayebeba watu kwa baiskeli mpakani. Alikuwa hajaenda kazini kwa sababu ya matope.

"Madam, nani amekufa?"

"Hajafa! Leta baiskeli!"

Maji ya mvua yalikuwa yanampiga Baba usoni. Akavuta pumzi kwa kelele, akakohoa, akafungua macho. Yakaniangalia. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa chake mapajani mwangu, leso yangu imemwangukia kifuani. Akanitambua. Polepole akainua mkono, akajifunika uso.

Picha hiyo haitoki. Kila nikifumba macho ninauona ule mkono.

Tulimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Ouma akasukuma, mimi nikamshikilia Baba kwa nyuma, kifua changu mgongoni mwake ili asianguke. Tulipita hivyo barabara nzima ya Mundika mpaka zahanati. Watu waliojikinga mvua kwenye vibanda walisimama kutazama. Waliangalia tu mikono yangu ilivyomzunguka.

Daktari wa zahanati alimlaza kando ya dirisha lililo wazi na kuniuliza alikuwa wapi. Nilipomwambia kuhusu jiko, alitikisa kichwa. "Makaa yakiwaka pahali hakuna hewa yanatoa sumu. Haina moshi, haina harufu. Mtu anasikia tu usingizi. Mngechelewa kidogo, mngeniletea maiti." Kisha akanitazama na kusema nami nikae nje nipate hewa, macho yangu hayakuwa mazuri.

Mama alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, kikapu bado kichwani. Alimshika Baba miguu, akaomba, akalia. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani alimtoa mle ndani?"

"Mimi, Mama."

Alinifunga leso yake mabegani, kwa sababu yangu ilikuwa imelowa.

Jana Baba aliruhusiwa kurudi. Kichwa kinamuuma na anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye mtumbwi, lakini anajua kila mtu na kila kitu. Kwangu haangalii. Nikipita, anageuza uso ukutani. Nimejiambia hiyo ni heshima tu, ileile ya siku zote. Lakini kabla ya juzi hakukuwa na haja ya kuigeuza shingo kiasi hicho.

Barasa alifika jana jioni. Alisimama katikati ya sebule akiangalia pale juu ya madirisha alipoziba.

"Si nyumba iliyomdhuru," akasema. "Ni jiko."

"Sijasema kitu."

"Lakini unafikiria."

Ndiyo, nilikuwa nafikiria. Nilikuwa nafikiria pia jinsi alivyokaa bila likizo ili wazazi wake wasilale tena na panya. Mtu anaweza kujenga kitu kwa upendo kamili, na upendo huohuo ukaziba mahali pa kupumulia. Nilimpa maji ya kuoga.

Asubuhi ya leo Senge amefika kutoka Sio Port na omena, dagaa wa ziwani, kwenye karai. Hata kabla hajakaa, ameanza.

"Mke wa mtoto haingii pale. Hata nyumba ikiungua, unaita wanaume."

"Wanaume gani, wifi?" Mama akajibu. Sijawahi kumsikia akimjibu Senge. "Wewe uliwaona hapa?"

"Sisemi alifanya vibaya. Nasema imefanyika, na kitu kikifanyika kinatengenezwa. Kuku achinjwe. Kabla ya hapo, huyu asimpikie mzee."

Huyu. Nilikuwa nimesimama pale pale na ungo wa mahindi.

Nilitaka kumuuliza Senge kama alitaka kuja na omena za matanga. Nilienda nyuma ya jikoni, nikakaa juu ya kuni zilizolowa, na sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kulia. Nilifikiria chumba chetu cha Malaba, na kwa mara ya kwanza nikayatamani yale maji ya ukutani.

Wakapeleka habari kwa Baba ndani. Nikamsikia akisema, sauti imekwaruza, "Chinjeni. Mimi sina ugomvi na kuku."

Senge mwenyewe alimpika kuku, ili mambo yaende sawa. Wakala sebuleni, Baba, Barasa na wazee wawili wa ukoo. Mimi nilibaki hapa jikoni, naona moshi wa kuni na kusubiri kuitwa niambiwe nimesafishwa.

Badala yake Mama amekuja na sahani ndogo iliyofunikwa kwa nyingine. Ameifunua mbele yangu.

Firigisi.

Asiyekuwa wa kwetu hawezi kujua. Katika boma, firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mke haili. Mtoto wa kiume haili baba yake akiwepo. Nimepika kuku wangapi hapa, na kila mara nimeiweka juu kabisa ya sahani ya mzee ili aione kwanza. Na bibi yangu mimi alikufa hajaonja kuku kabisa, maana zamani zake mwanamke hakuruhusiwa.

"Mama, hii ni ya Baba."

"Ameitoa kwenye sahani yake mbele ya watu wote. Amesema, 'Mpelekee mtoto wangu aliyenitoa. Asimgawie mtu.'"

"Na Senge?"

"Senge ameangalia chini," Mama akasema, na akaziba mdomo kwa leso asicheke.

Nimeila. Nimeila yote, polepole, nimekaa mlangoni hapa ambapo kila mtu angeweza kuniona. Ilikuwa ngumu na chumvi ilizidi kidogo. Machozi ambayo hayakuja kule kwenye kuni yamekuja sasa, katikati ya kutafuna, na sikuyafuta.

Barasa alitoka sebuleni kabla wazee hawajanawa. Amechukua nyundo na tindo, ameegemeza ngazi ukutani, na hivi ninavyoandika anavunja saruji juu ya dirisha la chumba cha wazazi wake. Vipande vinaangukia kwenye majani. Kila akipiga, anakaa kidogo, kama anayesikia maumivu. Nimempelekea maji ya kunywa. Ameyanywa yote, akanirudishia kikombe, akashika vidole vyangu kwa muda.

"Popo watarudi," amesema.

"Waje."

Kwa hivyo hivyo ndivyo ilivyo. Baba yuko hai. Jiko liko hapa karibu yangu, limepoa. Kuna magugu yanayonisubiri upande wa mtoni, na Senge atalala hapa mpaka Jumapili. Bado namwona yule mwanamke aliyesimama mlangoni, mimi mwenyewe, akiwafikiria watu wa kisimani kwanza.

Bado jua halijatua. Nikienda kulala sasa hivi, na vyombo vikiwa havijaoshwa, ni nani atanilaumu leo?