Mama Bado Anakata Waridi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie ukiwa na afya, shemeji akiwa hajambo na ule mgongo wake, na mpwa wangu akiwa ameacha kukohoa. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana, anauliza kama lile gauni lilikutosha au unaona haya kusema. Mvua imetunyeshea vizuri na kitalu kimejaa miche hadi tunapita upande upande.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Lakini kila nikikupigia na kumtaja Mama, unaniambia una mgeni mlangoni. Dada, wageni wako wamezidi. Barua huwezi kuikata, na ukiikunja leo, kesho itakuwa bado ipo.

Nianze na kazi. Mawaridi yameshika vizuri mwaka huu, na bado Mama anayakata mwenyewe. Mengi yamemtoka kichwani ila mikono yake haijasahau. Asubuhi anavaa lile koti la kijani lenye mfuko uliotoboka, anachagua tawi lisilo changa sana wala kuukuu, anakata chini kidogo ya jicho la chipukizi, anapunguza majani, kisha anachomeka kwenye mchanga wenye unyevu na kubana kwa vidole viwili. Vipandikizi vyangu vikishika nusu nashukuru Mungu. Vyake ni nadra kufa.

Juzi alikuja mwalimu mmoja mstaafu kutafuta mbegu za michungwa. Mama akamwambia mbegu ni bahati nasibu, kwa kuwa ina baba na mama, na hujui mtoto atafuata upande gani, pengine akamfuata babu aliyekuwa mchungu. Ila ukichukua kijiti cha mchungwa unaoujua ukakibebesha juu ya shina la mlimau, utakula chungwa lile lile ulilolionja. Mwalimu akauliza, basi mti huo mpya ni mtoto au ni mama yule yule? Mama alifikiri kidogo, akamjibu kwamba hilo akauulize mti. Tulicheka wote, na mwalimu akaondoka na miche mitatu.

Sikufichi, siku ngumu zipo. Siku hizi Mama anachomeka kila kitu. Mwiko wa wifi yako tuliukuta dirishani kwenye kopo la mchanga, umemwagiliwa maji. Wifi yako hakuung'oa. Alinunua mwingine, na ule wa koponi, Mama akisahau, anaumwagilia yeye. Ukitaka kujua kwa nini nilimwoa mwanamke huyu, jibu ndilo hilo.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Najua mara ya mwisho ulipokuja uliumia. Mama alikupokea kama mteja, akakuuliza ni nani aliyekuelekeza, nawe ukanunua mche wa waridi kwa mama yako mwenyewe, kisha ukalia ndani ya gari. Nilikuona. Tangu hapo hujakanyaga huku. Na tulipozungumza ulisema mimi nina bahati, angalau mimi ananijua, na kwamba pengine tangu zamani alinipenda zaidi kwa kuwa ni kitindamimba. Maneno hayo yalinichoma, maana nilikuwa nakudanganya.

Dada, hanijui. Tangu kabla ya mvua hizi hanijui. Nilikwambia ananijua nikidhani utafarijika kwamba yuko mmoja wetu aliyebaki kwake. Ukweli ni kuwa kila asubuhi naenda kwenye geti la kitalu kama mtu baki. Mama anatoka, ananitazama toka kichwani hadi viatuni, ananiuliza nataka nini. Namwambia natafuta kazi. Ananipa tawi na kisu. Nikishakata anaguna, ananiuliza nani alinifundisha. Nikimjibu ni mama yangu, anasema huyo mama anaijua kazi, nimfikishie salamu. Basi naajiriwa. Kufikia jioni ameshanizoea, ananiita Fundi na kunitania nilivyo mwembamba. Kesho yake tunaanza upya. Siku za mwanzo nilikuwa nakwenda kulia nyuma ya tangi la maji. Siku hizi nimezoea kidogo.

Jana tulikuwa tunatenganisha machipukizi ya migomba. Mama akaweka kisu chini, akanishika mkono, akasema ameniona mtulivu na mchapakazi, kwa hiyo anataka kunipa binti yake nimwoe. Dada, amenipa wewe! Wifi yako alikuwa anapita na ndoo kichwani, ikabidi aitue kwa kicheko. Nami, kwa mzaha, nikamuuliza Mama huyo binti yukoje. Akasema ni mkaidi, anakula amesimama, akicheka anafunika mdomo, na ana kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, la siku alipomfundisha kukata waridi. Akasema ulipojikata hukulia. Ulilia ulipomwona yeye analia. Hakuna aliyemkumbusha hayo. Mimi mwenyewe sikuijua habari hiyo, nilikuwa sijazaliwa.

Mzaha ukaniisha. Nikamuuliza mbona binti mwenyewe haonekani. Akaokota kisu, akawa anakipangusa kwenye koti. Halafu akasema anaogopa kwamba mtoto huyo alikuja siku moja, yeye akashindwa kumtambua, naye akaondoka na majonzi yake. Akaniomba nikikutana nawe nikwambie kwamba jina lako ndilo lililompotea. Wewe hujampotea.

Nimekufikishia kama nilivyotumwa. Leo asubuhi hakukumbuka kwamba alinituma, na sijui kovu lile atalikumbuka hadi lini. Ndiyo maana nakuomba usingoje likizo.

Njoo, Dada. Ila usije kumdai akukumbuke, mtaumizana bure. Njoo asubuhi, vaa viatu visivyoogopa matope, simama getini useme unatafuta kazi. Atakupa tawi na kisu. Ukishakata atakuuliza nani alikufundisha. Mwambie ni mama yako, halafu zipokee salamu zake.

Nisalimie shemeji, na mbusu mpwa wangu kwa niaba yetu. Wifi yako anasema chumba ameshakutandikia, ila mume hakupi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba